Lalamiko la Nne

Hoteli Teluk Cempaka, Penang
Jumatatu, 3 Juni 1996

Sahat mwanangu,

Barua hii anakuletea mzee mmoja wa Siantar anayerudi na meli ya kesho. Isome ukiwa peke yako, kisha uichome.

Ijumaa daktari aliniita pembeni. Ni saratani ya ini. Alisema miezi miwili, labda mitatu. Baba yako ameambiwa kwamba ini limevimba na dawa zitalishusha. Ni mimi niliyemwomba daktari aseme hivyo. Mtu aliyekuwa bwana afya miaka thelathini na minne anayajua magonjwa kwa majina na kwa mwisho wake. Akilisikia hili atalala chali na kusubiri.

Sasa kuna Lamria. Harusi yake na Binsar ni Desemba, na Desemba ni mbali mno. Baba yako ndiye msemaji wa ukoo. Katika kila msiba wa akina Hutapea yeye ndiye husimama na kutaja daraja la marehemu. Unataka siku yake watu wasimame na kusema huyu ameacha binti hajaolewa, kazi yake haikwisha? Ngoma zote zisipigwe, watu walie badala ya kucheza? Ana wajukuu kwako, amebakiza mtoto mmoja tu. Lamria akiolewa kabla, atazikwa saur matua, mtu aliyemaliza yote. Baada ya maisha aliyoishi, hiyo ni haki yake.

Nenda kwa wazazi wa Binsar. Harusi iwe Julai. Lamria usimwambie sababu, maana huyo hajui kuficha uso, na baba yake atausoma.

Ukitaka kunipigia simu, usiombe chumba chetu cha 508. Omba 509, kwa Mama Saragih wa Tebing Tinggi. Mumewe naye anatibiwa hapa, na tumekuwa kama ndugu. Piga saa kumi jioni, baba yako akiwa amelala.

Mama yako

*

Hoteli Teluk Cempaka, Penang
Jumatatu, 3 Juni 1996

Lamria binti yangu,

Baba yako anaendelea vizuri. Ini limevimba kidogo tu, dawa amepewa, na uji anakunywa. Kinachotutesa ni hoteli.

Kiyoyozi kina hali mbili: kuzimika na kugandisha. Nalala na soksi na sweta la kwenda nalo mlimani Berastagi. Bafuni hakuna pipa wala kopo, ni bomba la mvua tu, na maji yake yanaunguza, halafu yanakuwa barafu, halafu yanaunguza tena. Nimenunua kopo la plastiki sokoni, jekundu. Msafishaji akaliona, akadhani ni takataka, akalitupa. Nimenunua la pili, nalificha kabatini kama dhahabu. Mto wa kulalia ni mgumu kama mkate wa juzi. Dirisha halifunguki. Saa moja asubuhi mtu anagonga kuuliza kama tunataka chumba kisafishwe, na tukisema baadaye, harudi tena mpaka kesho saa moja.

Baba yako ana kesi yake mwenyewe. Lifti inasema tuko ghorofa ya tano. Yeye amehesabu ngazi kwa miguu, akasema ni ya nne, na wanaotuandikia tano ni waongo. Nikamwambia Wachina wa hapa hawaitaki nne, kwao ni namba ya mkosi, wameiruka. Akasema, "Wameruka namba, ghorofa hawajairuka." Anamwandikia meneja.

Ukuta nao ni kama karatasi. Bwana wa 509 akipiga chafya, baba yako anamjibu "afya" kutoka kitandani.

Kuna jambo dogo. Nasikia Desemba kumbi zote za Medan zimejaa na watu wanabanana. Julai kuna nafasi. Sahat atazungumza na kina Binsar. Usishangae.

Mama yako

*

Chumba 508
Jumatano, 5 Juni 1996

Kwa Bwana Ooi Kheng Hock, Meneja

Bwana,

Mimi nilikuwa mkaguzi wa afya serikalini, na nimeandika ripoti za hoteli nyingi kuliko nilizolala. Naomba usichukulie barua hii kama ugomvi.

La kwanza ni kiyoyozi, ambacho kinadondosha maji juu ya swichi ya taa. Hilo si usumbufu, ni hatari. La pili ni kifuniko cha mfereji wa bafuni. Kimevunjika, na mende wanaingia kwa zamu. La tatu ni hesabu ya ghorofa zenu, lakini mke wangu ameniomba niliache.

La nne ni ukuta kati yetu na 509. Si ukuta, ni ubao uliopakwa rangi. Nikilala, kichwa changu kiko kwenye mazungumzo ya watu. Najua dawa za jirani yangu kwa majina na najua wanawe wanavyoitwa. Mimi ni mgonjwa, nahitaji usingizi wa mchana. Naomba chumba kingine.

G. Hutapea

*

Medan
Jumatatu, 10 Juni 1996

Kaka Sahat,

Nimemwandikia Mama ukurasa mzima kuhusu kopo lake, nikacheka naye kama anavyotaka. Kuhusu Julai sikumjibu kitu. Nakuandikia wewe kwa sababu shuleni simu iko mezani kwa mwalimu mkuu.

Binsar na mimi basi. Imekwisha tangu Mei. Mlijua tumegombana, hamkujua kwa nini. Tulikuwa nje ya kanisa, pale magari yanapoegeshwa, baada ya ibada. Nilimwambia kwamba tukishaoana nitaendelea kufundisha, hata huko Dumai anakofanya kazi. Akanipiga kofi. Si kwa hasira. Aliangalia kwanza kama kuna mtu karibu. Halafu akanifungulia mlango wa gari kwa adabu.

Nilirudisha pete kwa mkono wangu. Aliniambia nitairudia, akaiweka mfukoni.

Kwa hiyo usiende kwao kuzungumza Julai. Nitamwambia Mama wakirudi, Baba akiwa amepona.

Lamria

*

Pematangsiantar
Ijumaa, 14 Juni 1996

Lamria,

Nimekaa na barua yako siku mbili. Nimekatazwa kukwambia haya, lakini siwezi kukuomba jambo kubwa hivi huku nimekufumba macho.

Baba hatapona. Ni saratani. Yeye hajui, na Mama ameapa hatajua. Ndiyo maana ya Julai. Mama anataka Baba azikwe akiwa amemaliza, na wewe ndiye uliyebaki.

Jana nilimpigia Mama chumbani kwa yule jirani yake. Nilimwambia umemwacha Binsar. Kofi sikulitaja. Akasema, "Basi mrudishe. Mwambie aghairi mwaka ujao akitaka, lakini Julai asimame kanisani." Sijawahi kumsikia Mama akisema neno kama hilo.

Nimekwenda kwa wazazi wa Binsar. Wako tayari. Binsar mwenyewe amesema lile lilikuwa jambo la siku moja. Mimi ni mkubwa wako, sitakuamuru. Ila wewe na mimi tumekaa kwenye misiba ya watu tukasikia minong'ono: "Huyu kaacha binti nyumbani." Tulikuwa watoto, na Baba alikuwa amesimama mbele akitaja daraja. Fikiria yeye akitajwa hivyo.

Kama ni hapana, niambie mapema ili nijue la kumwambia Mama.

Sahat

*

Chumba 508
Jumatatu, 17 Juni 1996

Kwa Bwana Ooi Kheng Hock, Meneja

Bwana,

Nashukuru kwa kiyoyozi na kwa kifuniko cha mfereji. Nashukuru pia kwa ahadi ya kutuhamishia chumba cha upande wa barabarani kesho.

Naomba usituhamishe. Lalamiko la nne, kuhusu ukuta, naliondoa. Kwa sasa ukuta huo unanifaa kama ulivyo.

Naomba pia mke wangu asiambiwe kwamba niliomba, wala kwamba nimeondoa.

G. Hutapea

*

Hoteli Teluk Cempaka, Penang
Jumanne, 18 Juni 1996

Lamria binti yangu,

Barua zote zinazotoka chumba hiki hupitia mkononi mwa mama yako. Hii naiteremsha mwenyewe mapokezi sasa hivi, akiwa amekwenda kununua maembe. Wamesema wana mtu wa Medan anayeondoka kesho.

Najua ninaumwa nini. Alhamisi saa kumi mama yako alikwenda 509 kupokea simu ya Sahat. Aliniacha nimefumba macho. Nilisikia upande wake wote wa mazungumzo, na baada ya simu nikasikia alivyomsimulia Mama Saragih. Alilia kwa taulo mdomoni, lakini kwa ukuta ule taulo haitoshi. Aliporudi alikuwa amenawa uso, akaniambia maji ya moto yamekatika tena. Nikamwambia nitaandika kwa meneja.

Usimwambie kwamba najua. Kunificha ndiyo kazi aliyobaki nayo, na anaifanya vizuri. Nikimwonyesha kwamba najua, atabaki hana la kufanya ila kunitazama. Hilo nakuomba mpaka nimeondoka, na hata baada ya hapo.

Sasa hili ndilo lililonifanya nishuke ngazi. Nimesikia umemwacha Binsar na kwamba urudishwe kwa ajili yangu. Sijui alikufanya nini. Wewe tangu mdogo hukuacha hata sahani ya chakula bila sababu, kwa hiyo ipo.

Nimetaja madaraja ya marehemu zaidi ya mia moja. Kati ya hao, kama kumi na mmoja walimaliza kwa haraka, yaani binti aliozwa wiki chache kabla, baba akiwa kitandani. Nilisimama nikasema saur matua, ngoma zikapigwa, nikala nyama, nikaenda nyumbani. Lakini mimi nilikuwa pia bwana afya. Kazi yangu ilikuwa kuingia majumbani mwa watu, kutazama jiko, choo na kisima. Baadhi ya mabinti hao nilikuja kuwakuta majumbani mwao. Mmoja alikuwa akiishi mji wa Balige. Nilimuuliza mbona kisima hakina mfuniko, akaniambia mume wake hataki kiwe nao. Sikuelewa mpaka nilipofika nyumbani: kisima kile alikuwa anatishiwa nacho. Sikuandika ripoti. Daraja la baba yake nililitaja mimi.

Silitaki daraja hilo kwa bei hiyo. Watu watanong'ona siku moja, wakishashiba wataacha. Nimewaona.

Kama bado unamtaka Binsar kwa moyo wako, olewa, nami nitakuvika ulos, shuka la baraka, kwa furaha. Kama humtaki, kataa, mama yako na Sahat wakasirike. Usinijibu, jibu litaangukia mikononi mwake. Nitaona kwa macho umeamua nini, nami sitabishana na uamuzi wako.

Baba yako

*

Medan
Jumatatu, 24 Juni 1996

Mama,

Salamu nyingi kwako na kwa Baba. Nasikia mnarudi Jumapili. Msisahau pasipoti mapokezi, Sahat anasema hoteli hizo hukaa nazo mpaka mtu akumbuke akiwa bandarini.

Nimezungumza na Sahat. Najua yote, usimlaumu. Nimekubali. Ni tarehe 13 Julai, Jumamosi. Nimekwenda mwenyewe kwa Binsar, na pete nimevaa tena. Alikuwa mpole, akaniletea kiti.

Baba asijue lolote, kama unavyotaka. Nimefanya mazoezi ya uso mbele ya kioo. Nikiwaona bandarini nitalalamika kwamba amekonda kwa sababu ya chakula cha hoteli, naye atamlaumu mpishi, na tutafika nyumbani salama.

Kuna kitu kimoja nataka ukijue, halafu tusikiseme tena. Ningeweza kusema hapana kama ningekuwa nimekatazwa na Baba mwenyewe, kama angeniambia hata neno moja. Lakini hajui kitu, na mtu asiyejua hawezi kuulizwa. Kwa hiyo nimejibu kwa niaba yake.

Lamria

*

Dumai
Ijumaa, 20 Septemba 1996

Kaka Sahat,

Uliniuliza kwa nini sikucheza kwenye mazishi. Nilicheza. Hukuniona kwa sababu ulikuwa mbele ukipokea watu, kama alivyokuwa Baba. Ngoma zilikuwa kamili, mzee wa Laguboti alitaja daraja kwa sauti, na Mama alisimama wima siku zote tatu. Lile alilolitaka amelipata, na sijutii kwamba amelipata.

Nakuandikia jambo ambalo hukulisikia siku ya harusi, maana zumari zilikuwa zinapigwa. Baba alipotufunika ulos, alikuwa amesimama kwa kumshika Mama bega. Alinivuta karibu na kuniuliza sikioni, "Umeamua mwenyewe?" Nikadhani ni maneno ya mila, wazee wana mengi. Nikasema, "Ndiyo, Baba, mwenyewe." Alinitazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama kitu anachokikagua. Kisha akasema, "Haya," akanivutia ulos vizuri begani, akaniachia.

Nimewauliza wazee wawili. Hakuna maneno kama hayo katika mila. Wewe umewahi kuyasikia? Alikuwa anataka kujua nini?

Huku tunaendelea. Binsar hajapenda nifundishe, tumeahirisha mazungumzo hayo.

Lamria

*

Hoteli Teluk Cempaka, Penang
Jumatatu, 5 Mei 1997

Kwa Bibi Lamria Hutapea

Bibi mpendwa,

Tunafanya ukarabati wa mapokezi. Wiki iliyopita mafundi walipolitoa sanduku la mbao la kuwekea funguo, walikuta nyuma yake barua tatu za wageni, zimeangukia ukutani. Moja ina jina lako, na imeandikwa kwa mkono ninaoukumbuka. Bwana Hutapea wa 508 aliniandikia mara mbili, na mfereji wa chumba kile haujaleta mende tangu siku hiyo.

Bahasha haijafunguliwa. Naituma kwa anwani iliyo juu yake, ambayo ni ya shule, nikiamini watakufikishia.

Kwa niaba ya hoteli naomba radhi kwa usumbufu huu. Mhudumu aliyekuwa zamu siku hiyo ameshaacha kazi. Natumaini barua haikuwa na jambo la haraka, na kwamba Bwana Hutapea ni mzima.

Kwa kumbukumbu zetu naomba uthibitisho kwamba umeipokea. Nisipopata jibu hadi mwisho wa Juni nitamwandikia Bibi Hutapea kwa anwani ya Medan iliyo katika daftari la wageni, nimweleze barua ilipokuwa na ilikotumwa, ili tuwe na uhakika kwamba imefika kwa familia.

Ooi Kheng Hock
Meneja

*

Dumai
Alhamisi, 12 Juni 1997

Kwa Bwana Ooi Kheng Hock, Meneja

Bwana,

Samahani kwa mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia uko kwenye plasta kwa wiki nne.

Barua niliipokea tarehe 3 mwezi huu, kupitia shuleni Medan, bahasha ikiwa haijafunguliwa kama ulivyosema. Unaweza kuandika hivyo kwenye kumbukumbu zenu. Nimeisoma.

Baba yangu alifariki tarehe 2 Septemba mwaka jana. Alizikwa kwa heshima zote. Katika barua hiyo hakuilaumu hoteli kwa lolote.

Nakuomba jambo moja tu. Usimwandikie mama yangu. Na ikitokea akaja tena hapo, maana macho yake yanamsumbua na Sahat anataka ampeleke kwa daktari Penang, anaweza kukuuliza kama mumewe aliacha kitu. Anapenda kuuliza hivyo kila mahali alipopita. Mwambie umetafuta, na hukukuta kitu.

Lamria Hutapea